City Park: Uwanja unaolea vipawa, lakini je, gongo hulisha?

Wakazi wengi wa Nairobi wakitajiwa City Park hukumbuka kima. Hukumbuka Jumapili za utotoni walipopelekwa na wazazi wao kuwatupia njugu na ndizi wanyama hao watundu, ambao hawaoni haya kumpokonya mtoto mkate wake mkononi. Wapenda historia hukumbuka makaburi, kwani humo ndimo alimozikwa Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na ndimo anamopumzika Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Akina mama nao hukumbuka soko, mahali pa kununua mboga na matunda ambayo hayajachoka kwa safari.

Lakini lipo jambo la nne ambalo City Park inastahili kujulikana nalo, na ambalo wengi hulipita ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Ni uwanja wa mpira wa magongo. Hapo, kila mwisho wa wiki wa msimu wa ligi, vijana wa kiume na wa kike huinama na kukimbizana na kijipira kigumu kama jiwe, na pembeni mwa uwanja huulizwa swali ambalo mzazi yeyote mwenye mtoto hodari michezoni hana budi kujiuliza: Je, kipawa hiki kitamfikisha wapi? Je, gongo linaweza kumlisha mtu?

Kufika huko hakuna taabu. Panda matatu zinazopita Limuru Road kuelekea Ruaka na Banana, upite Ngara, ushuke upande wa Parklands. Hospitali ya Aga Khan haiko mbali. Usitarajie fahari ya Kasarani. Utakuta jukwaa, uzio wa waya na zulia la nyasi bandia ambalo limekanyagwa na vizazi. Uwanja huu ulitayarishwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987 iliyofanyika hapa Nairobi, na timu ya wanaume ya Kenya iliutendea haki kwa kunyakua dhahabu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, tuueleze kwa ufupi. Kila upande una wachezaji 11. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Zamani ulichezwa kwa vipindi viwili vya dakika 35, lakini tangu mwaka 2014 mashindano ya kimataifa huchezwa kwa robo nne za dakika 15 kila moja. Bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambulizi ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Tena gongo lina uso mmoja tu ulio bapa, na hakuna gongo la mashoto. Mwenye mkono wa kushoto ajifunze kama wengine, na mpira ukimjia upande usiofaa hana budi kuligeuza gongo kichwa chini na kuucheza kwa ncha. Hapo ndipo fundi anapojulikana na mbabaishaji anapoumbuka.

ENZI ZA BARCELONA

Kabla ya kumpima kijana wa leo, ni vyema tujue kwamba jiji hili halikuanza mchezo huu jana. Magongo yaliletwa na kukuzwa hasa na jamii za Waasia waliokaa hapa tangu siku za kujengwa kwa reli. Masingasinga walikuwa na klabu zao, Wagoa zao, na nyingi zilikuwa karibu karibu, kati ya Ngara, Pangani na Parklands. Jioni baada ya kazi, karani aliweka kalamu, fundi akaweka nyundo, mwalimu akaweka chaki, wote wakashika magongo.

Kutokana na viwanja hivyo vya mitaani, Kenya ilituma timu ya magongo katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 mjini Melbourne, hata kabla ya Uhuru. Mwaka 1964 mjini Tokyo ilimaliza katika nafasi ya sita. Hilary Fernandes alicheza Olimpiki tatu. Avtar Singh Sohal, ambaye mashabiki walimwita Tari, alicheza nne, kuanzia Roma mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972.

Kilele kilikuwa mwaka 1971 mjini Barcelona, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa la mchezo huu. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania bao moja kwa bila. Katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu ilishindwa na India mabao mawili kwa moja. Nafasi ya nne ulimwenguni! Kuna nchi zenye viwanja vya magongo kila kitongoji ambazo zingetoa chochote kuifikia nafasi hiyo.

Basi nini kilitokea? Mambo mawili yalikuja pamoja. Kwanza, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, familia nyingi za Waasia zilihamia Uingereza na Canada, na wachezaji na walimu wa mchezo wakaondoka nazo. Pili, mwaka 1976 mjini Montreal, magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia. Mwaka huo Kenya haikwenda kwa sababu ya mgomo wa nchi za Kiafrika, na mwaka 1980 haikwenda Moscow vilevile. Kwa hiyo mchezo ulipobadilika, ukawa wa kasi na wa mapafu, sisi tulikuwa nyumbani tukicheza juu ya nyasi za kawaida. Zulia la City Park lilipotandazwa kwa ajili ya michezo ya 1987, ilikuwa imepita miaka 11 tangu Montreal. Kenya ilicheza Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984 na Seoul mwaka 1988, na baada ya hapo haikuonekana tena.

Jambo moja katika historia hiyo linafaa kutiliwa maanani na kila mzazi. Wale mashujaa wa Barcelona hawakulipwa mshahara kwa kucheza. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Gongo liliwapa heshima na safari za ng'ambo, lakini unga ulinunuliwa kwa pesa nyingine.

KUTOKA MAGHARIBI

Ukitazama nyuso zilizo uwanjani siku hizi, na ukisikiliza lugha wanazotaniana kwazo wachezaji wakati wa mapumziko, utagundua kwamba makao ya mchezo huu yamehama. Vipawa vingi vya City Park havizaliwi Parklands. Huja kwa basi la usiku kutoka magharibi mwa nchi.

Shule za huko ndizo zilizoubeba mchezo wakati miji ilipoulegeza. Ukienda Kitale utaikuta shule ya wavulana ya St Anthony's. Ukishuka Kimilili utaikuta Friends School Kamusinga. Kakamega kuna Musingu, na kwa upande wa wasichana kuna Tigoi kule Vihiga na Sinyolo kule Kisumu. Majina haya kwa shabiki wa magongo ni kama majina ya timu kubwa za kandanda kwa shabiki wa kandanda. Mtoto huingia kidato cha kwanza bila kuwahi kuona gongo, na akitoka ameshacheza mashindano ya kitaifa, pengine hata ya shule za Afrika Mashariki.

Lakini wengi wao hucheza juu ya nyasi za kawaida, penye vishimo na vichuguu. Huko mpira hurukaruka na kwenda polepole, na mwenye chenga nyingi ndiye mfalme. Akija Nairobi na kukanyaga zulia, mambo hugeuka. Mpira unateleza kama sabuni. Kabla hajaamua ampige nani chenga, tayari amezungukwa na watu watatu. Ndiyo maana mchezaji aliyekuwa akiimbiwa nyimbo na shule nzima anaweza kukaa benchi msimu mzima hapa City Park, naye akabaki kujiuliza kama amerogwa.

JICHO LA WAZEE

Siku niliyozuru uwanja huo, karibu yangu aliketi mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe, mvulana mwembamba aliyekuwa amebakisha mwaka mmoja kumaliza shule ya upili. Kijana huyo alikuwa na mikono ya ajabu. Mpira ulimganda kwenye gongo kama kupe. Mara mbili aliwapita walinzi wawili katika nafasi ambayo hata kuku asingepita, na jukwaa likalipuka kwa vifijo.

Yule mama aliponiona na daftari akasogea. "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa gazeti?" akauliza. "Basi niambie ukweli. Walimu wanasema mtoto huyu atafika mbali. Baba yake anasema aache mchezo asome. Mimi nimsikilize nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia, "Mama, hebu tuwaulize waliotutangulia."

Kila uwanja una wazee wake, na City Park haina upungufu wa hao. Ni watu waliocheza zamani, na sasa huja na kofia zao na chupa za chai kukaa mahali palepale kila wiki. Nilimsogelea mmoja na kumwomba anieleze huyo kijana mwembamba ana nini na hana nini.

"Kijana wangu," akaniambia bila kuuondoa macho uwanjani, "wewe unamtazama akiwa na mpira. Mtazame akiupoteza."

Nikafanya hivyo. Chenga ya tatu haikufaulu, mpira ukaporwa, na mvulana wetu akasimama kiunoni mikono, akimtazama mwamuzi. Wapinzani walikuwa wameshafika upande wa pili.

Mzee alinipa mizani ambayo nadhani ni ya manufaa kwa mzazi yeyote, hata kama mwanawe anacheza mchezo mwingine. La kwanza ni mguso wa kwanza. Mpira ukija kwa nguvu, je, unatulia kwenye gongo au unaruka kama panzi? Zuri la kijana huyu ni kwamba kwake ulitulia kila mara. Hilo halifundishiki kwa urahisi.

La pili ni kichwa. Mchezaji mzuri hutazama huku na huku kabla mpira haujamfikia, ili ukifika awe amekwisha kuamua. Mchezaji wa chenga huutazama mpira tu, kwa kuwa ndio anaoupenda.

La tatu ni hilo la kupoteza mpira. Katika magongo ya kisasa wachezaji hubadilishwa bila kikomo. Mtu huingia, hukimbia kwa nguvu zake zote dakika chache, hutoka kupumua, kisha hurudi. Kocha hamwingizi mtu akapumzikie uwanjani. Mshambulizi asiyerudi kukaba ni mzigo.

La nne ni robo ya mwisho. Dakika 45 za kwanza kila mtu ni hodari. Baada ya hapo mgongo unauma kwa kuinama, miguu ni mizito, na hapo ndipo utajua nani alikuwa akikimbia asubuhi kabla ya masomo na nani alitegemea kipawa.

La tano ni kazi maalumu. Timu hununua mtu anayefanya jambo moja ambalo wengine hawawezi. Mfano mzuri ni kona ya adhabu, ambapo mpigaji huuburura mpira kwa gongo na kuufyatua kuelekea langoni kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Mwenye ufundi huo hatafuti timu, timu humtafuta yeye.

Nilimuuliza mzee kuhusu wembamba wa kijana, kwani hilo lilimsumbua mama yake. Akacheka. Mchezo huu, akasema, huchezwa karibu na ardhi, na aliye mfupi na mwepesi huinama kwa taabu kidogo. Mwili utajengeka kwa chakula na mazoezi. Tabia ya kusimama kiunoni mikono ndiyo ngumu kuiondoa.

MSHAHARA UNATOKA WAPI?

Tuseme basi kijana ameyafaulu hayo yote. Je, hapa Kenya ataishi kwa gongo?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna ligi ya magongo hapa nchini inayomlipa mchezaji mshahara wa kutunzia familia kama ilivyo kazi nyingine. Lakini gongo hufungua milango ambayo nyuma yake pana mshahara. Mlango wa kwanza ni vikosi. Kikosi cha polisi kina timu yake, nayo imekuwa miongoni mwa timu kubwa za nchi. Mchezaji hupata ajira, hupata cheo, na hata magoti yakichoka bado ni afisa mwenye kazi yake.

Mlango wa pili ni kampuni. Butali, timu iliyobeba jina la kiwanda cha sukari cha Kakamega, ilipokezana ubingwa na Polisi kwa miaka mingi ya 2010 na kuendelea. Wasichana wa Telkom walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara kadhaa na kuwa timu iliyoogopwa barani. Mlango huu, hata hivyo, hufunguliwa na kufungwa na mwenye nyumba. Telkom ilipoacha kuifadhili timu hiyo, mabingwa hao walilazimika kuendelea kwa jina jingine, Blazers, na kutafuta njia yao wenyewe. Medali hazikuwazuia kuachwa.

Mlango wa tatu ni vyuo vikuu. Strathmore, USIU na Kenyatta zote zimekuwa na timu zinazojulikana, na vyuo vingine huwapa wanamichezo hodari nafuu ya karo. Kwa maoni yangu huu ndio mlango bora kuliko yote, lakini una kufuli moja. Hakuna chuo kitakachomchukua kijana asiye na alama za kujiunga nacho, hata kama anaweza kucheza chenga ndani ya chupa.

NG'AMBO NAKO?

Vijana wengi wakisikia neno "kulipwa" mawazo yao huvuka bahari. Wanafikiri juu ya Uholanzi na India, nao wana sababu.

Uholanzi ndiyo nchi kuu ya mchezo huu leo. Mwaka 2024 mjini Paris, Waholanzi walinyakua dhahabu zote mbili za Olimpiki, ya wanaume na ya wanawake. Kule Amstelveen, karibu na Amsterdam, kuna uwanja wa Wagener ambao ulitumiwa kwa Kombe la Dunia mwaka 1973, na katika klabu za nchi hiyo watoto wadogo huanza juu ya zulia hata kabla ya kujua kusoma vizuri. Hata hivyo, wachezaji wengi wa ligi yao ni wanafunzi au watu wenye kazi nyingine. Mgeni anayeitwa na klabu ya Ulaya aghalabu hupewa mahali pa kulala, posho, na jukumu la kuwafundisha watoto wa klabu jioni. Ni maisha mazuri kwa kijana asiye na mke wala watoto. Si utajiri wa Ligi Kuu ya Uingereza.

India nako, kunakotoka mizizi ya magongo ya Nairobi, pesa zimeingia. Ligi yao ya Hockey India ilianzishwa mwaka 2013, ikasimama baada ya msimu wa 2017, kisha ikarudi mwishoni mwa 2024 ikiwa na timu nane za wanaume, na kwa mara ya kwanza timu nne za wanawake. Katika mnada wa mwaka huo, nahodha wa India Harmanpreet Singh alinunuliwa kwa rupia milioni 7.8, takriban shilingi milioni 12 za Kenya. Mtu huyo ni mlinzi, lakini ndiye mpigaji wa kona za adhabu, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefunga mabao 10 mjini Paris na kuisaidia nchi yake kupata shaba. Yule mzee wa City Park angesema, "Si nilikuambia?"

Lakini hebu tazama jambo hili. Harmanpreet huyo huyo ni afisa wa polisi wa jimbo la Punjab. Wachezaji wengi wa India wameajiriwa na shirika la reli, kampuni za mafuta za serikali au polisi. Rani Rampal, binti wa mvuta mkokoteni kutoka mji mdogo wa Haryana, aliiongoza timu ya wanawake ya India hadi nafasi ya nne katika Olimpiki za Tokyo zilizochezwa mwaka 2021. Binti huyo hakuokolewa na kipawa peke yake. Alizaliwa karibu na uwanja wenye kocha, katika nchi ambayo mchezaji hodari huajiriwa. Kwa ufupi, hata katika nchi yenye mashabiki wengi kama India, gongo hutembea na kazi nyingine mkononi.

Kisha kuna umbali uliopo kati yetu na wao. Mwaka 2022, wasichana wa Kenya walikwenda Birmingham katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mechi yao ya kwanza New Zealand iliwafunga mabao 16 kwa bila. Hawakuwa wavivu wala waoga. Walikutana na timu inayocheza mechi kubwa mwaka mzima, nao walitoka mahali ambapo mechi kubwa huja mara moja kwa miaka. Kijana wa Kenya anayetaka kuonwa na klabu za nje anahitaji kucheza mbele ya macho ya watu wa nje, na nafasi hizo ni chache mno.

MIZANI

Baada ya mechi nilimrudia yule mama, na haya ndiyo niliyomwambia, ambayo ningemwambia mzazi yeyote anayesoma ukurasa huu.

Mwanao ana mikono. Hilo ni kweli, na asikudanganye mtu kwamba mikono kama ile inapatikana kila siku. Lakini kwa jinsi anavyocheza sasa, hatafika mbali. Ana mwaka mmoja, pengine miwili, ya kujifunza kurudi kukaba, kuinua kichwa na kujipatia kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Akiyashika hayo, timu kubwa za hapa nchini zitamgombania. Akiyakataa, atabaki kuwa gumzo la shule na kumbukumbu ya wenzake.

Walimu wake wana haki, na baba yake ana haki pia. Makosa ni kudhani kwamba mmoja lazima amshinde mwenzake. Asome ili gongo limpeleke chuoni au kwenye ajira, kwa sababu kila mlango niliouona, kuanzia kikosi cha polisi hadi chuo kikuu, huuliza cheti kabla ya kuuliza mabao. Na acheze, kwa sababu bila gongo huenda milango hiyo isimfungukie kabisa. Ng'ambo iwe ziada. Ikija, aende akijua muda wake ni mfupi, ajifunze ukocha wakati bado anacheza, na arudi na kitu zaidi ya picha.

Mama alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye daftari langu: "Na wale wengine ambao mama zao hawakuja leo, nani atawaambia?"

Hilo si swali la mzazi tu. Ni la shule zinazowasherehekea watoto wanapoleta vikombe na kuwasahau wanapomaliza mtihani. Ni la klabu zinazomchukua kijana kwa basi kutoka Bungoma bila kumuuliza atalala wapi mwezi wa pili. Ni la wenye kusimamia mchezo pia, ambao wamerithi jina lililowahi kuwa la nne duniani, na kijana wao bado anajifunza kasi ya zulia akiwa na miaka 18 wakati mwenzake wa Amstelveen amelizoea tangu utotoni. Vipawa havijapungua. Kilichopungua ni watu wa kumshika mkono mtoto katika ile miaka michache kati ya shule na utu uzima, ambapo wengi wao hupotea.

Nawe msomaji, ikiwa Jumapili hujui pa kuipeleka familia, City Park ingali pale pale. Wapitishe watoto bustanini wawaone kima, lakini wafiche ndizi zao vizuri. Waonyeshe makaburi na uwasimulie Pinto na Murumbi walikuwa nani. Kisha vuka hadi uwanjani, mkae jukwaani kwa robo mbili tatu. Chagueni mchezaji mmoja, kila mtu wake, na msimtazame akiwa na mpira. Mtashangaa mtakavyojifunza mengi juu ya mchezo huu, na pengine juu ya mtoto aliyeketi kando yenu.